Mishahara Miwili Tuliikataza, Kofia Mbili Tuliziacha

Hakimu wa mahakama ya mwanzo katika wilaya yoyote ya Tanzania Bara, akilalamikiwa na raia kwamba amepokea rushwa au ameivunjia heshima kazi yake, malalamiko hayo hufika mbele ya kamati ya maadili ya wilaya, iliyowekwa na Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011, na kiti cha uenyekiti wa kamati hiyo hukaliwa na Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya huyohuyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama; ndiye mwakilishi wa Serikali Kuu katika eneo lile; ndiye aliyepewa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48 kabla ya kufikishwa mahakamani; na akiwa mwanachama wa chama kinachotawala, kama ilivyo aghalabu, huketi pia katika kamati ya siasa ya chama hicho wilayani. Raia akikamatwa kwa amri yake siku ya Jumatatu, na Jumatano akaletwa kizimbani, kila hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyemo katika wilaya ile anajua kwamba mwenye kuitoa amri hiyo ndiye atakayekaa kitini siku hakimu mwenyewe atakapolalamikiwa.

Simshitaki Mkuu wa Wilaya yeyote kwa hayo, maana wengi wao ni watu wenye insafu, na madaraka yote hayo wamepewa na sheria iliyopitishwa hadharani. Nasemea umbo la kazi yenyewe. Wazungumzao habari za nyadhifa mbili katika nchi zetu huziangalia zaidi kwa jicho la riziki: fulani anakula huku na huku, ana mshahara wa wizara na posho ya bodi, gari la serikali na gari la shirika, ilhali kijana aliyemaliza chuo hana hata kazi moja. Malalamiko hayo ni ya haki, wala sikusudii kuyapuuza. Walakini wahenga waliposema kwamba mshika mbili moja humponyoka, walikuwa wakimwonya mshikaji mwenyewe juu ya hasara yake. Na katika utumishi wa umma mambo huenda kinyume cha hivyo, kwa kuwa mshikaji haponyokwi na kitu, ila raia ndiye aliyeponyokwa na mtu wa pili ambaye ilikuwa dhima yake kumkagua yule wa kwanza. Historia ya kanuni za nyadhifa mbili katika Tanzania na Kenya, ambayo imepita katika njia mbili zilizopishana kwa namna ya ajabu, yaonyesha jinsi ilivyo rahisi kwa taifa kuikazania hesabu ya mishahara na kuisahau hasara hiyo nyingine.

Mrundikano wa mamlaka juu ya mtu mmoja hatukuuanza sisi baada ya Uhuru. Katika miji ya pwani liwali alikuwa mtawala na mwamuzi. Wajerumani walipokuja wakawatumia maliwali na maakida kukusanya kodi na kukata mashauri, na afisa wao wa wilaya wenyeji wakamwita Bwana Shauri, maana kila neno, la kodi, la mpaka wa shamba, la ng'ombe aliyeibwa, lilimalizikia barazani kwake. Waingereza wakaiendeleza desturi hiyo kwa majina mengine: chifu alikusanya kodi na akahukumu kesi katika baraza lake, na juu yake alikaa Bwana DC, ambaye asubuhi alikuwa msimamizi wa barabara na kodi, na adhuhuri akawa hakimu wa watu walewale aliowatoza. Hoja yao ilikuwa uchache wa watu na wepesi wa kazi, na hoja hiyo haikuwa uongo mtupu. Ila raia aliyedhulumiwa na mkusanya kodi alipokwenda kushitaki alimkuta mkusanya kodi yuleyule, amekwisha badili kiti. Tanganyika huru ilikata kamba hiyo upande mmoja: mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa, na sheria ya mahakama ya mwaka huohuo ikazipanga mahakama za mwanzo, za wilaya na za hakimu mkazi katika safu moja chini ya Mahakama Kuu, hata kazi ya kuhukumu ikatoka mikononi mwa watawala. Kwa hiyo sheria inapomkalisha Mkuu wa Wilaya katika uenyekiti wa kuwachunguza mahakimu, naona kwamba jambo ambalo wazee wetu walilitenganisha kwa makusudi sisi tumeanza kulifunga tena kwa uzi mwembamba.

Kwa upande wa pili kamba ilisokotwa upya mapema zaidi, na waliofanya hivyo walikuwa walewale waliokata. Mwezi Januari 1962, wiki sita hivi baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili apate wasaa wa kukijenga chama cha TANU vijijini; kitendo ambacho hata leo ni nadra kukiona, cha mtu kuweka chini wadhifa ulio mkubwa kwa kuwa hawezi kuutimiza pamoja na mwingine. Lakini wakoloni waliokuwa wakuu wa majimbo walipoondolewa, na wakuu wa mikoa wakawekwa mahali pao, wakuu hao wa mikoa wakafanywa pia makatibu wa TANU wa mikoa. Na Katiba ya Muda ya mwaka 1965, iliyoifanya nchi kuwa ya chama kimoja, ikawapa na kiti Bungeni kwa ajili ya cheo chao. Mtu mmoja basi alikuwa mtendaji wa Serikali mkoani, mtendaji wa chama kilichoiagiza Serikali, na mbunge katika Bunge lililopaswa kuihoji Serikali hiyohiyo. Alipofika Dar es Salaam kusikiliza maswali juu ya mahindi yaliyooza ghalani, alikuwa anasikiliza habari za ghala lake.

Katika hali hiyo ndipo lilipokuja Azimio la Arusha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Nyuma yake kulikuwa na mjadala mkali juu ya mapato ya wakubwa: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakawanyoshea wakubwa kidole kwa kuishi maisha ya anasa, na Mwalimu akajibu, pamoja na kuwarudisha makwao, kwa kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Azimio likaweka miiko ya uongozi ambayo watu wa rika langu waliikariri shuleni: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na mishahara miwili au zaidi. Na ili pasiwe na mlango wa uani, mwiko ukamfunga mume kwa mke na mke kwa mume.

Uzito wa miiko hiyo ulikuwa wa kweli, na wapo waliolipa gharama yake. Bibi Titi Mohamed, ambaye tangu mwaka 1955 ndiye aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa maelfu, nyumba kwa nyumba na ngoma kwa ngoma, aliacha ujumbe wa Halmashauri Kuu kwa kuwa hakukubaliana na katazo la nyumba za kupangisha; naye hakuwa peke yake aliyeona kwamba mwanamke asiye na pensheni wala elimu ya chuo, nyumba yake ya vyumba kadhaa ndiyo bima yake ya uzeeni. Mtu aweza kuliheshimu Azimio kwa moyo wote, kama ninavyoliheshimu mimi, na bado akaona kwamba hoja hiyo ilistahili jibu lenye huruma zaidi.

Lakini tazama lililoachwa. Miiko ilikataza mishahara miwili. Nyadhifa mbili haikuzikataza. Mkuu wa Mkoa aliendelea kuwa katibu wa chama na mbunge, madhali alipokea mshahara mmoja. Mtu aliyekuwa na vyumba vinne vya kupangisha Kariakoo alitakiwa achague baina ya vyumba na uongozi, na mtu aliyekuwa na mamlaka matatu katika mkoa mzima hakutakiwa kuchagua lolote. Azimio liliihesabu tamaa kwa shilingi, na kwa hesabu hiyo lilikuwa sahihi; mamlaka halikuyahesabu. Baadaye kofia za chama na za Serikali mikoani zilitenganishwa, na wakuu wa mikoa wakapoteza viti vyao vya Bunge mfumo wa vyama vingi uliporudi, lakini kwa muda wa kizazi kizima watumishi wetu walifunzwa kwamba ubaya wa nyadhifa mbili umo mfukoni tu.

Ng'ambo ya mpaka jirani zetu walishika njia ya pili. Mwaka 1970 Serikali ya Kenya iliunda tume ya kuchunguza muundo na mishahara ya utumishi wa umma, mwenyekiti wake akiwa Duncan Ndegwa, Gavana wa Benki Kuu, na mwaka 1971 tume hiyo ikatoa rai kwamba mtumishi wa serikali aweza kumiliki mali na kufanya biashara, almuradi isigongane na kazi yake. Walikuwa na sababu zao: biashara na mashamba makubwa yalikuwa yangali mikononi mwa wageni, Waafrika wenye elimu na mtaji walikuwa wachache, na wengi wa hao wachache walikuwa maofisini, hata kuwafungia mlango wa biashara kulionekana ni kuwafungia Waafrika kwa jumla. Matunda yake yalionekana upesi. Daktari wa hospitali ya serikali akawa na zahanati yake mtaani, na mgonjwa aliyeambiwa asubuhi kwamba dawa hakuna akaelekezwa mahali zinakopatikana jioni; afisa wa kilimo akawa na shamba na duka la mbolea; mwalimu mkuu akawa na matatu barabarani. Haikupita miaka kumi kabla ya kamati nyingine, ile ya Waruhiu, iliyotoa taarifa yake mwaka 1980, kulalamika kwamba watumishi wanaziacha kazi za umma kwa ajili ya shughuli zao.

Kisha mataifa haya mawili yakapishana njiani. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar, ikailegeza miiko ya 1967: kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi, kupangisha nyumba na kupokea zaidi ya mshahara mmoja. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo nguzo yake ni kutangaza mali na madeni kila mwaka, yaani palipokuwa na katazo pakawekwa tamko. Kenya, iliyokuwa imeruhusu tangu mwanzo, ikaanza kukataza. Na Katiba yake iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ikaandika katika ibara yake ya 77 maneno ambayo Mtanzania wa mwaka 1967 angeyatambua kama jamaa yake: afisa wa dola aliyeajiriwa kwa wakati wote asishiriki katika kazi nyingine ya kumpatia kipato. Afisa aliyeteuliwa asishike wadhifa katika chama cha siasa. Na mstaafu anayelipwa pensheni na umma asishike kwa wakati mmoja zaidi ya nafasi mbili zenye malipo katika kampuni za dola au vyombo vyake.

Lakini Kenya ilikwenda mbele zaidi ya mfuko. Ibara ya 152 inasema kwamba waziri hawezi kuwa mbunge. Ili kuufahamu uzito wa katazo hilo ni lazima kukumbuka hali ya mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, wakati serikali ya mseto ilipoundwa ikiwa na mawaziri takribani 40 na mawaziri wasaidizi takribani 50, wote wakiwa wabunge, katika Bunge ambalo wajumbe wake wa kuchaguliwa na kuteuliwa walikuwa 222. Watu wawili kati ya kila watano waliokuwa na dhamana ya kuihoji Serikali walikuwa ndio Serikali. Muswada wa bajeti ulipofika mezani, waziri aliyeuandika, msaidizi wake aliyeutetea na wenzao wa baraza walikuwa tayari nusu ya safari ya kuupitisha kabla mkulima wa Kitui au mvuvi wa Lamu hajapata mtu wa kumsemea.

Watetezi wa mfumo wa waziri kuwa mbunge hutukumbusha kwamba tuliurithi kwa Waingereza, na ni kweli. Ila mrithi aghalabu hutwaa nyumba na kuacha kufuli zake. Uingereza yenyewe iliuogopa ugonjwa huu mapema: tangu mwanzo wa karne ya 18 mbunge aliyepewa uwaziri alikipoteza kiti chake na akalazimika kurudi kwa wapiga kura wa jimbo lake kuomba ridhaa upya, desturi iliyodumu, ingawa kwa kulegezwa mwishoni, hadi mwaka 1926, na hata leo sheria yao ya mwaka 1975 inaweka kikomo cha mawaziri 95 wanaoweza kuketi na kupiga kura katika Bunge la Makabwela kwa wakati mmoja. Katiba ya Marekani, ya mwaka 1787, ilikata shauri tangu siku ya kwanza kwamba mwenye cheo cha Serikali hawezi kuwa mjumbe wa Bunge lao. Wafaransa, ambao kwa muda mrefu waliona fahari kumwona mbunge akiwa pia meya wa mji wake, walitunga sheria mwaka 2014 ya kuzitenga kazi hizo mbili, ikaanza kutumika mwaka 2017. Katiba ya Tanzania, ibara ya 55, inaamuru kwamba mawaziri wote na manaibu wao watokane na wabunge, na kikomo cha idadi yao haikukitaja.

Sitaki msomaji adhani kwamba Kenya imepata dawa isiyo na uchungu. Mawaziri walipotoka Bungeni, maswali ya wananchi yalikosa mtu wa kuyajibu pale penyewe palipoulizwa. Wenyeviti wa kamati wakawa wanasoma majibu yaliyoandikwa wizarani, na majibu yenyewe yakachelewa, hata ikabidi kanuni zibadilishwe, na tangu mwaka 2023 mawaziri wakaanza kuitwa mbele ya Bunge zima kuulizwa na kujibu. Marekebisho hayo nayaona ni mema kuliko kurudi nyuma. Waziri anayeitwa, akasimama, akaulizwa na watu ambao hawamtegemei kwa kitu wala yeye si mwenzao, yuko katika hali iliyo safi zaidi kuliko waziri anayeulizwa na rafiki aliyekaa naye benchi moja na ambaye kesho anatumaini kuteuliwa kuwa naibu wake.

Pako pia mahali ambapo wabunge wa Kenya, waliotenganishwa na uwaziri kwa mlango wa mbele, walibaki kwenye utendaji kwa dirisha, nalo ni mfuko wa maendeleo ya jimbo. Ulianzishwa mwaka 2003, ukipewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali, na chini ya sheria ile ya kwanza mbunge aliweza kuketi kitini katika kamati ya jimbo iliyoamua darasa lijengwe wapi na kisima kichimbwe wapi. Sheria ya mwaka 2013 iliyourekebisha ilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Agosti 2022 iliibatilisha, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba mtunga sheria na msimamizi wa matumizi hawezi kuwa tena mtumiaji. Sisi tulikuwa tumekwisha kuiga: mwaka 2009 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mwenyekiti wa kamati ya mfuko ni mbunge wa jimbo husika.

Lichukue jambo hili kwa ukaribu, katika kata moja yenye zahanati isiyo na paa. Kamati ya mfuko inakaa chini ya mbunge, inaidhinisha mabati. Fedha zinapita katika halmashauri ya wilaya, ambamo mbunge huyohuyo ni mjumbe na madiwani ni wajumbe wenziwe. Mabati yakija mepesi kuliko yaliyoandikwa katika hati ya malipo, taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inakwenda Bungeni, kwenye kamati ya hesabu za serikali za mitaa, na kamati hiyo inaundwa na wabunge, ambao wengi wao wana mfuko wa namna hiyohiyo majimboni kwao. Sidai kwamba mabati huwa mepesi daima. Nimeona pia zahanati nzuri zilizojengwa kwa mfuko huo na akina mama wanaojifungulia humo. Ninachosema ni kwamba mama anayenyeshewa wodini, akitaka kumtafuta mtu asiyekuwa na mkono katika mabati yale ili amlalamikie, atazunguka wilaya nzima.

Sasa wako watakaosema, na baadhi yao ni wakweli kabisa, kwamba nchi maskini haiwezi kumudu kanuni za nchi tajiri, kwa maana watu wenye ujuzi ni wachache na kazi ni nyingi. Hoja hii ilikuwa na nguvu mwaka 1961, chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa wanafunzi wa sheria wasiotimia 15. Leo wahitimu ni maelfu kwa maelfu, na wengi wao wamekaa vibarazani wakiandika barua za maombi, ilhali katika ofisi nyingi nafasi zinashikwa na makaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka mtumishi asikaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi sita. Lakini kila aliyefanya kazi katika halmashauri amemjua mkuu wa idara aliyekaimu miaka, akiendelea kushika na kitengo chake cha zamani, akisaini ombi la masurufu kwa mkono wa mwombaji na kuliidhinisha kwa mkono wa mkuu. Hapo hapana hila wala uroho. Pana mtu aliyechoka, mwenye majalada mawili juu ya meza moja, na fedha ya umma inayopita pasipo jicho la pili.

Wala si kila wadhifa wa pili una madhara, na kanuni inayokataza vyote kwa jumla huishia kuvunjwa na wote kwa jumla. Daktari bingwa wa hospitali ya taifa anayefundisha chuoni asubuhi mbili kwa wiki anaifaa hospitali na chuo. Mhandisi wa maji anayeitwa kwenye bodi ya shule hamdhulumu mtu. Nyadhifa mbili zikikaa ubavu kwa ubavu zaweza kuvumilika, hata zikasaidiana, na swali litakuwa la muda na malipo tu. Zikikaa mmoja juu ya mwingine, yaani mmoja ukiwa ndio wenye kuukagua, kuuteua, kuulipa au kuuadhibu mwingine, hapo hata mtu akizishika bila senti ya ziada, hata akiwa mcha Mungu, jambo lenyewe limeharibika. Miiko ya Azimio ingemzuia daktari bingwa yule na kumpitisha mkuu wa mkoa wa 1967. Ndiyo maana nasema mizani yake, pamoja na utukufu wake, ilikuwa na sahani moja.

Vyama vyenyewe wakati mwingine vimeliona hili vizuri kuliko sheria. Juni 2017 Rais John Magufuli alipomteua Anna Mghwira, mwenyekiti wa ACT-Wazalendo, kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, chama chake hakikungoja mahakama; kilimwondolea uenyekiti, kwa kuwa kiongozi wa upinzani hawezi kuwa mwakilishi wa Serikali anayoipinga. Kwa chama kinachotawala desturi ni nyingine: tangu Mwalimu alipomwachia Ali Hassan Mwinyi uenyekiti wa CCM mwaka 1990, miaka mitano baada ya kumwachia urais, kila Rais amekuwa hatimaye mwenyekiti wa chama, na mjadala wa kofia mbili huzuka kila kipindi na kuzimwa.

Katika uchaguzi swali limefika hata mahakamani. Kwa miaka mingi wakurugenzi wa halmashauri, ambao huteuliwa na Rais, ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi katika majimbo, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba hilo linakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Na Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaona kwamba utaratibu ule ulikiuka Mkataba wa Afrika. Ni kweli kwamba mkurugenzi aweza kuhesabu kura kwa uaminifu usio na doa. Mgombea aliyeshindwa, hata hivyo, anastahili kuhesabiwa kura zake na mtu ambaye ajira yake haimtegemei mmoja wa washindani.

Nafasi kubwa ya kuzitenga kofia hizi tuliipata, ikapita mikononi mwetu. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilizunguka nchi, ikasikiliza wananchi, na katika rasimu yake ya pili ikapendekeza kwamba mawaziri wasiwe wabunge. Tarehe 18 Machi 2014 Jaji Warioba aliiwasilisha rasimu hiyo mbele ya Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma. Bunge Maalumu hilo liliundwa na wabunge wote wa Jamhuri ya Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa na Rais. Maana yake ni kwamba swali la kama mbunge aweza kuwa waziri liliamuliwa na wabunge, wakiwemo mawaziri wenyewe wameketi mbele. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo, haikuwatenga. Kura ya maoni iliyokuwa ifanyike Aprili 2015 iliahirishwa, wala haijafanyika hata leo. Nimesikia wengi wakililaumu Bunge lile kwa mambo ya muundo wa Muungano, wa serikali mbili au tatu, ambayo ni makubwa kweli; mimi nalilaumu kwa hili kwanza, kwamba liliundwa kwa kosa lilelile ambalo rasimu ilikusudia kulitibu, na walioliunda hawakuona haya.

Siku mchakato huo utakaporudi, na ni imani yangu kwamba utarudi, wajumbe wa kuiandika Katiba wasitoke miongoni mwa wenye vyeo ambavyo Katiba itavipanga. Lakini hatuna haja ya kungoja siku hiyo ili tuanze. Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011 yaweza kurekebishwa katika kikao kimoja cha Bunge, malalamiko juu ya mahakimu yakapelekwa kwa jopo la majaji wastaafu na wananchi wasio watawala. Kamati za mfuko wa jimbo zaweza kupewa wenyeviti waliochaguliwa na wananchi wenyewe, mbunge akabaki na haki yake ya kuuliza. Na kwa kuwa viongozi waliotajwa na Sheria ya Maadili hupeleka kila mwaka tamko la mali na madeni yao, ningependa tamko hilo liwe na ukurasa mmoja zaidi, wenye kuorodhesha kila bodi, kamati na baraza analoketi kiongozi, nani aliyemweka humo, na kazi ya nani inakaguliwa humo. Na ukurasa huo, kwa kuwa hauna siri ya nyumba wala shamba la mtu, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, mahali ambapo mwananchi aliyekuja kulipia leseni ya biashara anaweza kuusoma akiwa katika foleni, na akiona jina moja limeandikwa kwa mtumiaji na kwa mkaguzi wake, amuulize diwani wake jioni ileile.